Atakayepokea Simu Saa Tisa Usiku

Hotuba kwa kampuni za programu kuhusu namna benki zinavyochagua washirika wa kuunganisha mifumo, Kijitonyama, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti, ndugu zangu wenye kampuni, vijana mnaoandika programu, na wenzangu wa benki niliowaona mmekaa viti vya nyuma: itifaki imezingatiwa. Wengi mmeniamkia pale mlangoni, na wale ambao sikuwasikia nawaitikia sasa, marahaba.

Mwenyekiti alinitumia swali kwa ujumbe wa simu, nami nalisoma kama lilivyo: "Mama, benki zinatafuta nini kwetu? Tunapeleka zabuni, tunaonyesha mfumo unafanya kazi, halafu kimya." Nimekaa kwenye kamati za tathmini kwa miaka mingi, na kabla ya hapo nilikuwa miongoni mwa wale wanaokesha na mifumo wakati matawi yamefungwa. Zabuni zenu nimezisoma nyingi. Ukimya huo najua unavyouma, maana nyuma ya kila bahasha kuna vijana waliokesha wiki mbili. Kwa hiyo leo nitayasema yale ambayo barua ya kukataliwa huwa haiyasemi.

Nianze na usiku mmoja.

Ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mishahara imeshaingia. Benki niliyokuwa naifanyia kazi ilikuwa imeunganishwa na mtandao wa simu kupitia kampuni moja ya hapa hapa mjini. Saa mbili usiku njia ilianza kuwa nzito. Haikukatika, na ingekatika ingekuwa nafuu. Iliganda sekunde arobaini, ikaachia, ikaganda tena. Upande wa simu ukisubiri sekunde thelathini bila jibu unahesabu kwamba muamala umeshindikana. Upande wetu pesa ilikuwa imeshatoka kwenye akaunti ya mteja. Na katikati, programu ya ile kampuni ilikuwa imeandikwa ijaribu tena yenyewe hadi mara tatu, na kila ilipojaribu ilitengeneza namba mpya ya kumbukumbu. Kwa mfumo mkuu wa benki, namba mpya ni muamala mpya.

Kulikuwa na mama mmoja muuza vitenge, Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Alikuwa anahamisha 850,000 kutoka akaunti yake kwenda kwenye simu ili amlipe dereva aliyemletea mzigo. Simu ikamwambia muamala umeshindikana. Alipoangalia salio, akaunti ilikuwa imekatwa mara tatu, jumla 2,550,000, na dereva amekaa dukani kwake anasubiri hela yake.

Saa tisa usiku nilikuwa mezani na karatasi yenye namba tatu za simu za ile kampuni. Ya kwanza, ya mtu wa mauzo, ilikuwa imezimwa. Ya pili ilikuwa ya mezani, ikaita ndani ya ofisi iliyofungwa. Ya tatu ilikuwa ya kijana aliyeiandika ile programu, na yeye alipokea. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Dada, mimi pale nimeshaondoka, mwezi wa pili huu. Sina hata neno la siri." Hakukata simu. Alikaa nami hadi adhana ya alfajiri, akinielekeza kwa kumbukumbu ya kichwa chake jinsi tutakavyoizuia ile njia kutoka upande wetu bila kuangusha huduma nyingine. Hakulipwa hata shilingi. Mpaka leo namwombea heri.

Kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi ya usiku wenyewe. Tulikaa watu watano wiki nzima tunalinganisha muamala mmoja mmoja. Sisi tulikuwa na orodha yetu, mtandao wa simu ulikuwa na orodha yao, lakini katikati hapakuwa na kitu, kwa sababu seva ya ile kampuni ilikuwa inafuta kumbukumbu zake kila baada ya saa sita ili kubana nafasi. Pesa ya mama wa vitenge ilirudi siku ya tisa. Alikuja tawini, akaisoma stakabadhi, akasema asante, akafunga akaunti.

Tangu hapo nikifungua zabuni siendi ukurasa wa kwanza. Natafuta kwanza mmeandika nini kuhusu jibu ambalo halikurudi.

Tumezoea kufikiri kwamba muamala una majibu mawili, umefaulu au umeshindikana. Anayeunganisha mifumo ana jibu la tatu, nalo ndilo linalomeza pesa za watu: sijui. Ombi limekwenda, jibu halijarudi. Huenda ombi halikufika. Huenda lilifika, pesa ikakatwa, jibu likapotea wakati wa kurudi. Ukiwa katikati huwezi kuzitofautisha hali hizi mbili. Ukiigeuza "sijui" kuwa "imeshindikana", umemdanganya mteja. Ukilirudia ombi kwa namba mpya, umemkata mara mbili.

Dawa yake inajulikana, na wengi wenu mnaijua kuliko mimi. Ombi lipewe namba moja tangu linapozaliwa kwenye simu ya mteja, namba hiyo iende nalo hadi mfumo mkuu na irudi nalo. Likirudiwa hata mara kumi, lirudiwe na namba ile ile, na upande unaopokea utambue kwamba ombi hili nimeshalitekeleza, kwa hiyo narudisha jibu la mwanzo bila kugusa pesa tena. Kabla ya kurudia, uliza kwanza: namba fulani iliishia wapi? Usipopata jibu, uache muamala kwenye hali ya kusubiri, umwambie mteja ukweli kwamba unafuatiliwa, na kweli ufuatiliwe mpaka ufungwe. Sasa mimi napokea zabuni ya kurasa sitini, picha za skrini zimepangwa vizuri, rangi za benki yetu zimeshawekwa, na jambo hili limeandikwa mstari mmoja: "mfumo una uwezo wa kushughulikia hitilafu." Mstari huo hauniambii chochote.

Kwa hiyo kwenye maonyesho ya mfumo huwa naomba tuchomoe waya. Muamala ukiwa umeondoka na jibu halijarudi, naomba mtu achomoe waya wa mtandao kwenye ile kompyuta. Wapo wanaoniangalia kama nimewatukana. Wapo wanaosema mazingira ya majaribio hayaruhusu. Siku moja ilikuja kampuni ya watu wanne kutoka Mikocheni, na aliyekuwa anaonyesha ni binti ambaye nadhani hajatimiza miaka ishirini na sita. Nilipomwomba, alinyosha mkono akachomoa waya mwenyewe. Skrini ikaandika: muamala unasubiri uthibitisho. Akatuacha tuitazame, chumba kizima kimya, kama dakika mbili. Akarudisha waya. Mfumo ukauliza upande wa pili, ukapata kwamba pesa ilikuwa imekatwa, ukamaliza kazi, ukaandika saa na sekunde ya kila hatua, na salio likakatwa mara moja tu. Mwenzangu wa ukaguzi wa ndani, mtu ambaye kwa kawaida hasemi neno kwenye vikao hivyo, aliomba aione tena. Walipata kazi ile, mbele ya kampuni zenye majengo.

Baada ya hapo nauliza kuhusu usuluhishi wa hesabu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika kazi yetu kuna madaftari matatu: la benki, la kwenu, na la upande wa pili, uwe ni mtandao wa simu, shule au hospitali. Kila asubuhi madaftari hayo yanapaswa kukaa pamoja: idadi ya miamala kwanza, kisha jumla ya fedha, kisha muamala kwa muamala pale panapotofautiana. Nionyesheni mnavyoshughulikia usiku wa manane. Muamala ulioanza saa 5:59 usiku upande mmoja na kukamilika saa 6:00 na sekunde tatu upande wa pili unaangukia tarehe mbili. Asiyejua hilo kila asubuhi atakuwa na tofauti, ataizoea, na ikishazoeleka wizi wa kweli utajificha humo humo. Nimeona akaunti ya muda, ile inayoshikilia fedha ambazo hazijajulikana ni za nani, ikikaa na tofauti za miezi minane kwa sababu kila mtu aliamini ni zile za usiku wa manane.

Niwaeleze sasa kwa nini tunakuwa wagumu namna hii, maana wengine mnafikiri ni urasimu.

Yule mama wa Kariakoo hakujua kama kampuni yenu ipo. Alijua benki. Benki Kuu nayo leseni imetupa sisi, na mkaguzi wake akija hatakubali jibu kwamba kosa ni la mkandarasi. Kazi tunaweza kumpa mtu mwingine, lawama hatuwezi.

Uingereza kuna benki inaitwa TSB. Ilikuwa inatumia mifumo ya Lloyds, benki iliyotengana nayo, kwa kulipia. Mwaka 2015 ilinunuliwa na Sabadell ya Hispania, na ikaamuliwa wateja wote, kama milioni 5.2, wahamishiwe kwenye mfumo mpya. Kazi hiyo ikapewa SABIS, kampuni ya teknolojia ya Sabadell yenyewe, yaani ndugu wa familia moja. Walihamisha karibu kila kitu kwa mkupuo, wikiendi moja ya Aprili 2018. Data ilihama salama, lakini huduma ilianguka. Watu hadi milioni 1.9 walifungiwa nje ya akaunti zao, na benki haikurudi katika hali ya kawaida kabisa mpaka Desemba mwaka ule. Ililipa wateja fidia ya pauni milioni 32.7, na Desemba 2022 wasimamizi wakaitoza faini ya pauni milioni 48.65.

Waliochunguza walikuta mambo ambayo ningependa kila mmoja wenu ayaandike. SABIS walikuwa na vituo viwili vya data vilivyopaswa kufanya kazi pamoja, lakini majaribio ya kuona kama mfumo utahimili uzito yalifanyika kwenye kimoja tu, na mipangilio ya vituo hivyo haikuwa sawa. Nyuma ya SABIS kulikuwa na kampuni nyingine 85 walizozitegemea, na benki haikuwa imejiridhisha ipasavyo kuhusu namna SABIS walivyozisimamia. Na kabla ya kuhama, benki iliomba uthibitisho kwamba kila kitu kiko tayari. Barua zikaja. Ndani yake yalikuwa maneno ya nia njema kuhusu yatakayofanyika, wala hayakuwa taarifa ya yaliyokwisha kufanyika. Mwaka 2023, aliyekuwa mkuu wa teknolojia wa TSB alitozwa faini yeye binafsi, pauni 81,620, kwa kutohakikisha benki inamsimamia mtoa huduma wake inavyostahili.

Mkiingia kwenye chumba cha kikao mkamkuta mkuu wa teknolojia wa benki anauliza maswali kama anayewashuku, mfikirieni hivyo. Anajua jina litakaloandikwa ni lake. Akiwaomba ushahidi wa majaribio, msimpe barua. Mpeni matokeo yenyewe, pamoja na yale yaliyofeli na namna mlivyoyarekebisha. Ripoti ya majaribio isiyo na hata jaribio moja lililofeli huwa siiamini, na sijawahi kujuta kwa kutoiamini.

Ndiyo sababu pia tunauliza nani yuko nyuma yenu. Ujumbe mfupi wa uthibitisho unatumwa na nani? Seva ziko kwa nani? Huyo naye anamtegemea nani?

Swali la seva nilikuwa nikiliuliza kwa mazoea tu, hadi Jumapili ile ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipopata hitilafu, na nchi yetu na majirani wakabaki na intaneti ya kuvuta kwa kamba. Kuna huduma ya malipo iliyosimama siku hiyo ambayo benki iko Dar es Salaam, mlipwaji yuko Dar es Salaam, mteja amesimama Dar es Salaam, na pande zote mbili zilikuwa na laini za ndani zinazofanya kazi bila shida. Ilisimama kwa sababu kabla ya kila muamala programu ya katikati ilikuwa inakwenda kuhakiki ufunguo kwenye seva iliyoko Ulaya. Hatua moja ya nusu sekunde, na hakuna aliyeiandika kwenye mchoro wa mfumo. Sisemi wingu, yaani seva za kukodi kupitia intaneti, ni baya. Nasema mchore njia yote, kila mahali ombi linapopita, mtuonyeshe nini kitaendelea kufanya kazi mkongo ukikatika.

Vyeti na viwango nitavipita haraka. Ukigusa data za kadi utaulizwa PCI DSS, kiwango cha usalama wa data za kadi za malipo, hakuna mjadala. ISO 27001, kiwango cha kusimamia usalama wa taarifa, inasaidia, ingawa cheti kinakufikisha mlangoni tu. Mjue pia lugha za ujumbe, yaani miundo ambayo mifumo ya malipo hutumia kuandikiana: kadi kwa sehemu kubwa bado zinazungumza ISO 8583, na malipo ya kimataifa kati ya benki na benki kupitia SWIFT, mtandao wao wa kutumiana ujumbe, yamehamia ISO 20022, kipindi cha kutumia miundo miwili kikaisha Novemba 2025. Karatasi za BRELA za usajili wa kampuni na za TRA za kodi ziwe sawa. Inauma kuona kampuni nzuri inatolewa kwa sababu ya hati ya kodi iliyokwisha muda wake.

Taarifa za wateja siwezi kuzipita haraka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya mwaka 2022 na ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Lakini jambo hili lilinigusa kabla ya sheria. Kampuni moja ilikuja kutuonyesha mfumo, projekta ikawashwa, wakafungua orodha ya wateja wa mfano. Nikaona jina kamili, namba ya simu, na salio. Jina lile halikuwa la mfano, nilikuwa namfahamu mwenyewe. Walikuwa wamechukua data halisi za benki nyingine waliyowahi kuifanyia kazi, wakaitumia kufanyia majaribio, na sasa wanatuonyesha sisi kama sifa. Mwenyekiti wa kikao akaomba projekta izimwe, akawashukuru, kikao kikaisha. Mfumo wao ulikuwa mzuri, nasema kwa dhati. Lakini mtu anayenionyesha salio la mteja wa mwenzangu, kesho atamwonyesha mwingine salio la mteja wangu. Tengenezeni data za kubuni, majina ya kubuni, namba za kubuni. Data halisi isitoke kwenye mazingira ya kazi halisi, hata kwa siku moja, hata kwa sababu mmebanwa na muda.

Nimalizie upande huo na funguo za siri. Tukikuta ufunguo wa kuingilia mfumo umeandikwa ndani ya msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, au unatumwa kwenye kundi la WhatsApp, tathmini inaishia hapo. Na mtu akiondoka kwenye kampuni yenu, funguo zake zote zife siku hiyo hiyo. Yule kijana wangu wa alfajiri hakuwa na neno la siri tena, na hiyo ilikuwa sahihi. Kosa ni kwamba hapakuwa na mwingine aliyekuwa nalo.

Hapo ndipo inapoingia hofu kubwa ya benki kwa kampuni changa, na nataka niizungumze kwa uwazi, kwa pande zote mbili mlioko humu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Benki inaiona kampuni ya watu wanne na inajiuliza: huyu mmoja akipata kazi Nairobi, nani anaujua mfumo huu? Wakigombana je? Mteja wao mkubwa asipowalipa miezi mitatu, watakuwepo?

Kwenu vijana: msiikimbie hofu hiyo, ijibuni kabla hamjaulizwa. Kila sehemu ya mfumo iwe na watu wawili wanaoijua, na tukiwatenganisha vyumba wote wawili watueleze kitu kile kile. Muwe tayari msimbo wenu uhifadhiwe kwa mtu wa tatu, kwa mkataba kwamba kampuni ikifungwa benki inaupata ili huduma isife. Wengi hukataa wakidhani wanaibiwa mali yao. Naelewa, lakini mkataba ukiandikwa na wakili anayejua kazi yake, msimbo unabaki wenu siku zote ambazo mko hai. Na mtueleze tutaachanaje. Swali hili huwa linawashtua watu, kama mchumba anayeulizwa habari za talaka. Benki inataka kujua ikihama leo, data yake itatoka kwa muundo gani, kwa siku ngapi, na nani atakaa na timu mpya kuikabidhi. Aliyejibu hilo vizuri humfunga mteja wake kwa kazi nzuri, na tunamwamini zaidi.

Kwenu wenzangu wa benki: masharti ya hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu na wateja watano wa benki tunayanakili kutoka zabuni moja hadi nyingine bila kujiuliza yanalinda nini. Kwa kazi ya kubadilisha mfumo mkuu, sawa, yawepo, na pengine yaongezwe. Kwa kazi ya kuunganisha ada za shule kumi, yanatukosesha watu wenye uwezo. Nchi hii imejenga GePG, mfumo wa Serikali wa kukusanya malipo, kwa wataalamu wa Kitanzania, tangu mwaka 2017, na leo mtu wa Tandahimba na mtu wa Masaki wote wanalipia Serikali kwa namba ya malipo. Hatuwezi kusema tena kwamba uwezo haupo. Mpeni kijana kazi ndogo yenye mipaka, wateja mia moja, kiwango cha fedha kwa siku kimewekwa, mfumo wa zamani unaendelea pembeni. Akiiweza mwezi mmoja wa mishahara na Januari moja ya ada za shule, mpanulieni. Na mlipeni kwa wakati, maana tunamwogopa atafilisika huku ankara zake tumezikalia siku tisini.

Vijana, jueni pia kwamba kazi yenyewe imehama. Zamani aliyekuwa na njia ya kwenda mtandao fulani wa simu alikuwa na mali. Leo Benki Kuu ina TIPS, inayounganisha benki na kampuni za simu mahali pamoja, malipo yanafika papo kwa papo. Njia peke yake haiuziki kama zamani. Kinachobaki ni kwenye ncha: SACCOS yenye daftari la mkono, hospitali inayotaka malipo yaonekane dirishani kabla mgonjwa hajafika dirisha la dawa, ghala la korosho linalolipa wakulima elfu tatu kwa siku moja. Huko benki hazina watu wa kutosha, na nyie mnakaa karibu na watu hao kuliko sisi.

Bei mtaniuliza, najua. Bei ya chini sana inatutisha sawasawa na ya juu sana. Kampuni ikiniwekea bei isiyo na mshahara wa mtu wa zamu ya usiku, najua usiku hakuna mtu. Wekeni gharama hiyo wazi, kwa mstari wake, na kama benki itauliza kwa nini ipo, mwambieni.

Kwa kikao cha kwanza msije na mtu wa mauzo peke yake. Mleteni atakayepokea simu saa tisa usiku. Akae mbele, aseme jina lake, aseme akiumwa nani anashika nafasi yake, na atueleze mara ya mwisho mfumo ulipoanguka yeye alifanya nini katika dakika kumi za kwanza. Kama hajawahi kuangukiwa, aseme hivyo hivyo, kisha achomoe waya mbele yetu tuone wote.

Mwenyekiti, muda naona umenipa zaidi ya niliostahili. Nipo tayari kwa maswali. Yule dada wa nyuma ameinua mkono tangu nilipoitaja akaunti ya muda, tuanze naye.